Jina la Pili kwenye Kitabu cha Oliver

Boma la Oguta,
Kosele.
9 Juni 2025.

Mpendwa binti yangu Phanice,

Ni mimi baba yako mkubwa Zablon ninayekuamkua kutoka nyumbani. U mzima? Na mume wako Byron? Nasikia huko Ugiriki jua linachoma kuliko la kwetu, basi kunywa maji. Sisi tunapumua. Goti la kushoto limeanza kukataa kazi, lakini bado hakuna kijana hapa anayenishinda kwa jembe. Uliza mtu yeyote.

Mvua imekuja vizuri, mahindi yamefika kifuani. Mama yako Susana amevuna njugu nyingi kutushinda sisi, na anatuambia kila siku.

Sikupiga simu kwa makusudi. Kwa simu ningelia, na si vizuri mzee wa heshima kama mimi kusikika akilia.

Ile karatasi ya wachapishaji uliyotuma, Sainab wa duka la fotokopi alinisomea mara mbili. Nimeelewa. Mwanangu Oliver aliacha kitabu nusu, siku ile alipopotea na boti huko baharini. Huyo mama Despina, aliyekuwa akichimba naye vyungu vya Wagiriki wa kale, amekimalizia. Sasa wanataka mimi baba nikubali jina la Despina liandikwe pale nje, chini ya la Oliver. Nikikataa, hakichapwi.

Nilikataa. Wewe unajua desturi yetu. Mtu akifa, ndugu anayeingia kwa mjane anazaa watoto, na watoto wote ni wa marehemu. Yule ndugu hawapi jina lake mwenyewe. Basi anayemalizia kitabu cha mwanangu anadai jina kwa nini? Oliver ndiye mtu wa kwanza Kosele nzima kusoma Kigiriki cha zamani, na akili hiyo aliitoa kwangu, ingawa mimi niliachia darasa la tatu.

Tangu nikatae, mama yako mkubwa Filister hakusema nami. Unamjua, anafinyanga tu vyungu vyake kama hakuna mtu. Juzi akanawa udongo, akaja akasimama mlangoni.

"Zablon, mtoto wangu ulimzika akiwa tunda."

Nikamwambia mwili usipopatikana tunazika tunda la yago, lile refu la mvungunya, mahali pa mtu, ndivyo ilivyo, ningefanya nini?

"Sikusema ulikosea. Hata mimi nililia juu ya hiyo yago. Lakini hicho kitabu kina maneno yake mwenyewe. Nacho unataka kukizika?"

"Huyo mama anataka kula jasho la Oliver!"

"Jasho gani? Miaka mitatu amekaa na karatasi za mtu aliyekufa. Mimi mamake hata shati lake siwezi kushika. Acha kiburi, mzee, utakufa nacho."

Phanice, hakuna mtu amewahi kunisema hivyo. Nilitoka nikaenda kukaa pale kaburini. Ni fupi sana. Vijana walichimba kulingana na tunda. Mgeni akipita anafikiri tulizika mtoto mchanga.

Kwa hiyo nimeweka sahihi, karatasi iko humu ndani. Jina la Despina liandikwe, tena kwa herufi kubwa sawa na za Oliver, nisije nikaitwa mchoyo. Lakini la mwanangu waliandike lote, Oliver Ogalo Oguta, wasilikate vipande vile wazungu hufanya. Na wasiongeze neno marehemu.

Filister anauliza kama ndani kuna picha za vyungu. Anataka kuona walifinyanga namna gani.

Msalimie Byron. Mpelekee Despina salamu zangu pia, umwambie nimesema asante, lakini usimwambie nilikuwa nimekataa.

Mungu wa babu zako akufunike, akupe kazi na watoto. Na usipande boti, binti yangu, hata ya kwenda karibu.

Ni mimi baba yako mkubwa ninayekupenda,
Zablon Oguta.