Aliyenifukuza Bendi Kaja Darasani Kwangu

Shoga, hebu sikia haya.

Leo ndiyo nimeanza kufundisha drams. Wanafunzi watano, vijiti hawajashika, tunahesabu kwa miguu, moja mpaka nne. Anaingia nani? Yule kiongozi wa bendi aliyenifukuza mbele za watu, eti sina mdundo.

Akacheka. "Hawa unawafundisha drams au gwaride?"

Gwaride, shoga. Mbele ya wanafunzi wangu.

Nikampa vijiti kwa adabu zote. Nikawasha kile kidude cha kupima mwendo wa mdundo, tik, tik. "Kaka, tuonyeshe basi."

Hakumaliza dakika. Mdundo wake ukakimbia kama mtu anayedaiwa, kidude kikabaki nyuma.

Bibi mmoja, mwanafunzi wangu, akauliza kwa upole, "Mwalimu, na huyu ndiyo anaanza leo?"

Nikamjibu, "Ndiyo, bibi. Tumsogezee kiti."