Pedeli Moja ya Lori la Maziwa

Kaka mpendwa,

Salamu zangu zikukute umepata usingizi, walau usiku mmoja, tangu ulipoondoka. Kifua chako kimepona? Mama anauliza kila siku kama umeacha kulala na feni usoni. Sisi hatujambo, kwa kadiri ya watu waliofiwa. Mama anakula ukimsimamia; usipomsimamia anazungusha kijiko kwenye sahani mpaka chakula kinapoa, kisha anasema ameshiba. Shangazi bado yupo nasi. Amevipanga upya vyombo vyote vya jikoni, sasa hakuna anayejua chumvi iko wapi.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Unanijua mimi. Kwenye simu ungeniambia niongeze sauti, nami ningesema haya Kaka, siku njema, nikakata. Kwa kalamu angalau sikuoni usoni. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujampigia mtu yeyote, hata Mama.

Shangazi alitusomea ujumbe wako, kwamba Jumamosi utafika na Jumatatu utakwenda polisi kuandikisha kuwa Mzee Breki alimuua Baba kwa uzembe, na kwamba hutapumzika mpaka karakana yake ifungwe na yeye mwenyewe afungwe. Aliusoma mara mbili. Mimi nilitoka nje nikajifanya naanua nguo, na kamba ilikuwa tupu.

Kaka, wewe hukuliona lori lile likifufuka. Uliliona mara mbili tu: siku lilipoburutwa kwa kamba hadi kwenye ua wa malori ya Baba kule juu ya mteremko, na siku ulipokuja mazishini, likiwa limekunjamana kwenye uwanja wa polisi. Ya katikati hukuyaona, na ndiyo ninayotaka kukusimulia.

Baba alilikuta kwenye banda la kuku. Kuku walikuwa wakitagia ndani ya kreti za chupa. Mwenye banda alisema hicho ni chuma chakavu tu, Baba akamjibu kwamba chuma chakavu ni yeye. Yalitengenezwa machache sana, alisema, na mengine yote yalikwisha kuwa masufuria. Unakumbuka alivyokuwa akitusimulia: alikuwa na miaka kumi na sita, utingo wa lori la maziwa, anasimama nyuma na kreti zake, anashuka mbio, anaweka chupa mlangoni, anarudi mbio. Mlango mmojawapo ulikuwa wa kina Mama. Mama anasema alikuwa akizigonganisha chupa makusudi ili mtu atoke. Aliyekuwa dereva alikwisha kufa zamani. Baba mwenyewe hakuwahi kuliendesha hata siku moja. Alilijua kwa mgongo, akiangalia nyuma.

Kazi ilichukua miezi minane. Chini ya rangi ya kijivu tulikuta bluu, chini ya bluu tukakuta nyeupe iliyogeuka manjano, na kwenye nyeupe hiyo kulikuwa na ng'ombe amechorwa kwa mkono, jicho moja kubwa kuliko lingine. Baba alitupa msasa chini. Kuanzia hapo alisugua kwa kitambaa chenye maji, kama anayemwogesha mtoto. Mzee Breki alikuwa akiifunga karakana yake ya jirani mapema ili aje kumsaidia. Alifungua magurudumu yote manne, akabadilisha mipira na mabomba ya breki, akatoa upepo uliokuwa umeingia mabombani, akarudia tena, akarudia mara ya tatu. Baba alimtania kwamba akishika usukani yeye, hata jeneza litampita njiani. Mzee Breki akasema jeneza acheni litangulie tu, yeye hana haraka nalo. Tulicheka sana siku hiyo.

Kazi yangu mimi ilikuwa kitabu. Tulikikuta chini ya sakafu ya lori, kimeviringishwa kwenye turubai, kitabu cha kuliendesha na kulitunza, chote kwa lugha ya shule. Baba na Mzee Breki hawaijui zaidi ya majina ya spea. Basi Baba akanipa cheo. Akaniita Mkalimani. Kila aliyepita kutazama lori aliambiwa kwamba huyu binti mnayemwona hasemi, huyu, ana lugha mbili kichwani na zote zinamtii.

Ile siku yenyewe ilikuwa asubuhi nzuri. Lori halina kiti cha dereva. Unaendesha umesimama, ili ushuke upesi na chupa. Baba alilizungusha uani mara tatu, na mara tatu likasimama kama limeambiwa. Mzee Breki akampa mkono. Mpango ulikuwa Baba ashuke mteremko mpaka nyumbani, na Mama awe langoni apokee chupa kama zamani. Mama alivaa lile gauni lake la maua. Mimi nilikuwa naye.

Tuliliona likitokea juu, jeupe, Baba amesimama ndani kama abiria aliyekosa kiti. Lilikuja polepole, kisha likaanza kushika kasi. Nikaliona goti lake la kushoto likipanda na kushuka, upesi upesi, kama mtu anayeshona cherehani. Likatupita. Kaka, Mama alicheka. Aliniambia tazama baba yako anavyoringa, analipiza zile siku nilizochelewa kumfungulia. Alikuwa bado anacheka tuliposikia chupa. Chupa ndizo zilizosikika kwanza, zote kwa pamoja, ndipo ukuta wa kinu cha unga.

Mama hajalivaa tena lile gauni. Amelikunja akaliweka chini kabisa ya sanduku.

Watu hawakuhitaji uchunguzi. Breki zilitengenezwa na nani? Basi. Wakasema mikono yake inatetemeka siku hizi, wakasema amesahau bomba, wakasema walikuwa wakijua. Fundi wa matairi, aliyekuwa akinywa naye chai kila siku, sasa anapitia upande wa pili wa barabara. Magari matatu yamekuja kuvutwa kutoka kwake yakiwa yamefunguliwa nusu. Mzee Breki anaketi mlangoni juu ya kreti moja ya maziwa iliyobaki, mikono juu ya magoti. Akiniona nikitoka shule ananiuliza mama yako kala?

Sasa nafika kule nilikokuwa nikizungukazunguka.

Jioni moja, lori likikaribia kumalizika, Baba aliniita nisome kitabu mbele ya watu, na ua ulikuwa umejaa. Nilikuwa nasoma na kutafsiri, nasoma na kutafsiri, sauti ikawa inapungua. Fundi wa matairi akasema redio hii betri zimekwisha. Wote wakacheka, hata Baba alicheka, kisha akasema soma mama, usiwasikilize. Lakini ulimi ulikuwa umekwisha kufa. Nikafunua kurasa mbili kwa pamoja. Hazikushikana, Kaka. Nilizifunua mimi. Nikaangukia sehemu ya oili, nikamaliza upesi. Baba akawaambia kwamba binti yangu amesoma kitabu kizima, hajaruka hata nukta.

Siku ya pili yake nilikaa kitandani nikausoma ule ukurasa peke yangu. Hakuna neno lililonishinda. Nimeukata, uko ndani ya bahasha hii, na hapa nakuandikia unachosema, bila kuruka:

"Gari hili lina pedeli moja kwa ajili ya klachi na breki. Ikikanyagwa mpaka nusu, huachanisha injini na magurudumu. Breki huanza baada ya nusu. Dereva aliyezoea magari mengine asikanyage kidogo kidogo kwenye mteremko, kwani atakuwa analiachia gari bila kulizuia. Ikanyage mpaka mwisho na usiinue mguu."

Uani hakuna mteremko. Uani alikanyaga mpaka mwisho. Barabarani lilipoanza kukimbia alifanya alichofanya miaka thelathini na moja na malori yake mabovu: alipampu, anakanyaga na kuachia, anakanyaga na kuachia. Kila alipopampu alikuwa analifungulia lizidi kukimbia. Breki za Mzee Breki zilikuwa nzima, Kaka. Hazikukanyagwa.

Ingeishia hapo ungesema ni utoto. Haikuishia hapo. Siku moja kabla ya majaribio Mzee Breki alikuwa chini ya lori, Baba amemshikia taa. Akatoa kichwa, akaniita. Aliniambia mwanangu, hii pedeli siielewi, inavuta vitu viwili kwa pamoja, kitabu kimesema lolote? Baba alikuwa ananitazama kwa ule uso wake wa kujivuna. Ningesema ndiyo, ningekuwa nimesema mbele yake kwamba niliruka. Nikajiambia Baba ameendesha maisha yake yote, atajua. Nikasema hakuna. Mzee Breki akasema haya, kama Mkalimani kasema hakuna, hakuna, akarudi chini.

Na siku ya tatu baada ya mazishi, wewe ukiwa umekwisha kuondoka, Baba Mdogo alimbana Mzee Breki mbele yetu sote. Alimuuliza kama hakuona chochote cha ajabu kwenye lori lile, na kama aliona, kwa nini hakuuliza mtu. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la chai. Mzee Breki alinitazama, si kwa muda mrefu. Akasema aliona, ila hakuuliza mtu.

Sinia halikuanguka. Niliwapa wote chai, na yeye nikampa.

Kaka, nakuomba usiende Jumatatu kuandikisha ulilokusudia. Ukienda, twende wote, na ukurasa huu mkononi. Nitasema mwenyewe, hata wakiniambia mara kumi niongeze sauti. Barua hii naituma kwa basi la kesho asubuhi, na likishaondoka ndipo nitakaa na Mama nimwambie. Nimepanga hivyo kwa sababu najijua: nikianza na Mama, nikaona macho yake, barua haitatoka. Toka kwa Mama nitakwenda kwenye ile kreti mlangoni. Nitakalosema huko sijalipata kwa lugha yoyote.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukifika, kama utapenda kunisalimia, nisalimie. Kama hutapenda, nitakuwekea maji ya kuoga nje ya mlango kama siku zote.

Shangazi anakusalimu. Mama anasema uvae sweta kwenye basi.

Ni mimi mdogo wako,
ambaye Baba alimwita Mkalimani