Kadi Niliyomchagulia Mama Hansa

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili

Dada Zuhura,

Shikamoo. Itikia kwanza ndipo uendelee kusoma, maana nakujua kwa kununa. Goti la mama linasemaje siku hizi? Na wewe, kifua kimeachia? Mimi mzima, ila nimechoka, dada. Nimechoka mpaka nywele.

Barua iliyopita nilikuandikia kwamba mdogo wako si mbeba maboksi tena, ni fundi wa kompyuta. Sikudanganya, nilitangulia tu. Bosi wangu, Mzee Salehe, alikuwa amesema: "Shomari, ukimaliza vizuri kazi moja ya nyumbani kwa mteja, peke yako, stoo utaisikia kwa jina." Nikawa naisubiri hiyo moja.

Ikaja na Mama Hansa, mama wa Kihindi wa kule Upanga, Kiswahili chake kinanishinda mimi. Bintiye anasoma ng'ambo, wanataka waonane kwenye kompyuta. Kisanduku cha intaneti kiko sebuleni, kompyuta iko chumba cha mwisho, na mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe kupitisha waya. Kwa hiyo Mama Hansa alitaka kifaa cha kunasa mtandao hewani. Tunavyo vya aina mbili: kadi inayofungwa ndani ya kompyuta, antena ikichungulia nyuma; na kile kidogo cha kuchomeka kwa nje, chenye waya wake, unakiweka utakapo.

"Kipi kizuri, baba?"

"Mama, hicho cha nje ni cha watoto. Wanaume tunafunga kadi."

Wallahi nilisema hivyo, mbele ya watu. Kariakoo kitu kinajaribiwa mteja akiona. Kikiwaka amekubali, hakirudi. Nikaifunga kadi kwenye kompyuta ya dukani, mtandao ukajaa pomoni. Ungeachaje kujaa, dada, wakati kisanduku chetu kiko pale pale kaunta?

Kwao ni ghorofa ya nne, lifti imekufa. Mlangoni nikavua viatu, kidole gumba kikawasalimia kupitia soksi. Kuingia, nakuta kompyuta inakaa ndani ya kabati la chuma, mgongo ukutani. Wanaikinga na vumbi na wajukuu. Nikafunga kadi, nikawasha. Hakuna kitu. Antena imezibwa, chuma huku, zege kule.

"Labda mawingu," nikasema.

Mumewe, mzee mpole aliyekuwa na gazeti lake, akanitazama juu ya miwani. "Kijana, dukani uliuliza kompyuta inakaa wapi?"

"Hapana, mzee."

"Basi si mawingu."

Kuitoa kompyuta kabatini haikuwezekana, meza yake imechomelewa humo humo na nje hakuna pa kuiweka. Na binti alishaahidiwa saa kumi. Mama Hansa alikuwa amevaa sari nzuri, kakaa kitandani ananiangalia tu. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepumzika.

Nikashuka, nikarudi Kariakoo kwa miguu, nikachukua kile cha nje bila kumuuliza Mzee Salehe, nikazipanda tena zile ngazi. Nikapitisha waya wake kwenye upenyo wa mlango wa kabati, nikakining'iniza kwenye kitasa. Mtandao ukashika. Sura ya binti ikatokea, inakatikakatika, na mama akaanza kumuuliza kama amekula.

Dukani nikairudisha kadi.

"Kitu kimeshajaribiwa, unakirudisha?" Mzee Salehe akauliza.

"Mimi ndiye niliyekijaribu vibaya, mzee."

"Haya, fundi. Stoo unaijua njia."

Tangu Jumatatu nabeba maboksi, mabega yamechubuka. Lakini mteja akitaja tu mtandao wa hewani, napiga kelele kutoka chini ya boksi: "Muulizeni kwanza kompyuta inakaa wapi!" Jana bosi akaniambia nifunge domo. Halafu nikamsikia anamuuliza mteja.

Mpe mama shikamoo yangu, mwambie goti alikande. Msalimie shemeji fundi viatu, na Tatu mwanao, aache kula chaki. Watu wa mtaani wakiuliza, usiseme nimerudi stoo. Sema niko kitengo cha mizigo.

Mdogo wako, mgongo wote unauma,
Shomari