Kitwitwi wa Tassia

Babu, mulembe kutoka Tassia. Nimekasirika. Ulisema Nairobi hakuna ndege kama kitwitwi. Yuko! Leo asubuhi nimemkuta nyuma ya ploti anakopanga shangazi, kwenye dimbwi la majitaka, anakimbia na vile vijiguu vyembamba kama anafukuzwa. Nikalala kifudifudi matopeni, nikampiga picha kumi na moja, za kwanza maishani mwangu.

Mara keateka, yule mwangalizi wa ploti, akatokea akifoka. "Wewe! Unapeleka picha serikalini tuchorewe X nyekundu ukutani, tubomolewe?" Nikamwonyesha ndege kwenye simu. Hakumtazama hata. "Futa!" Na wapangaji nao, "Futa!" Maji hayo hayo yanaingia milangoni mwao, Babu! Bomba limepasuka tangu masika, hakuna anayemfokea keateka, ila mimi na simu yangu ndio wabaya. Nikafuta zote huku wakinichungulia begani.

Nimekuchorea kitwitwi hapo pembeni. Shangazi alikuwa na kalamu nyekundu tu. Nakupenda sana, Babu. Ukiona mguu mmoja umepinda, ujue nilikuwa bado sijatulia.

Nekesa