Gari Linalochelewa Kuitika

3 Februari

Mpwa wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima, ambayo siku hizi ni mimi na mkaza mjomba wako tu. Afya ipo. Sukari yangu inapanda na kushuka, lakini ndiyo uzee.

Nina shida ya ufundi. Lile gari langu jekundu la milango miwili, nililojinunulia nilipostaafu kufundisha udereva, na ambalo mkaza mjomba wako analiita mke mwenza, limekuwa zito. Nakanyaga mafuta, kimya. Nakanyaga tena, linashtuka kama mtu aliyeamshwa usingizini. Jana kwenye mataa nilipigiwa honi na lori. Mimi!

Fundi wa hapa anasema kuna kidude kinachochomekwa kwenye pedali, gari likawa jepesi kama swala. Fundi umeme wa magari katika ukoo huu ni wewe, japo mkaza mjomba wako alikufundisha kusuka nywele, si nyaya. Nikiweke? Kama kinapatikana huko, nitumie.

Mjomba wako

19 Februari

Mjomba, shikamoo,

Mimi mzima, mgongo tu ndio unalalamika. Barua yako ilinikuta chali chini ya gari la mtu, nikaisomea huko huko.

Kidude hicho nakijua. Hakiongezi nguvu hata chembe. Pedali ya gari lako inapeleka habari kwa umeme na injini inatii. Kidude kinakaa katikati na kutia chumvi: ukikanyaga kidogo, chenyewe kinasema mjomba amekanyaga sana.

Gari la umri huo tulisafishe kwanza. Fundi asafishe mlango wa hewa wa injini, abadilishe chujio, aangalie kama kapeti halizuii pedali. Halafu mpe mtu mwingine aliendeshe, uniambie amesemaje.

Mwambie mkaza mjomba mke mwenza bado nampigania.

Mpwa wako

11 Machi

Mpwa wangu, marahaba,

Pole na mgongo. Sisi tunasukuma siku.

Yote uliyosema yamefanyika. Shemeji yangu akaliendesha mpaka sokoni na kurudi. Eti, “Hili linaruka lenyewe, hata sijaligusa!” Yule amezoea pikipiki, atajua nini? Nikikaa mimi, yale yale. Nakanyaga nisijue nimekanyaga kiasi gani mpaka nitazame mshale wa mwendo.

Na viatu vya siku hizi navyo! Juzi ndara ilinivuka njiani nikafika nyumbani mguu mmoja peku, sina habari. Mkaza mjomba wako ndiye aliyeniuliza, “Mwenzake umemwacha wapi?” Tulicheka mpaka machozi.

Basi, nitumie hicho kidude.

Mjomba wako

25 Machi

Mjomba, shikamoo,

Natumaini hamjambo. Hiyo ndara haikunichekesha.

Gari lako halina ugonjwa. Sentensi inayofuata nimeiandika nikaikata, nimeiandika tena: nadhani ni mguu wako uliokufa ganzi. Sukari hufanya hivyo, polepole, bila kubisha hodi. Nenda hospitali, fumba macho, wakuguse unyayo kwa ncha ya sindano, uone kama utajua.

Kidude sitatuma. Asiyesikia pedali hapewi pedali kali zaidi. Nakuomba funguo akae nazo mkaza mjomba mpaka upimwe. Najua namwambia nani. Aliyenifundisha kukanyaga ni wewe.

Mpwa wako

2 Aprili

Barua imefika.

Mguu huu umefundisha miguu ya nusu ya mji. Nilimwandikia fundi, amenijibu daktari. Haidhuru, mafundi wako wengi.

Mjomba wako

30 Mei

Mjomba, shikamoo,

Tangu ile yako ya Aprili, hii ni barua ya pili bila jibu. Simu yako inaita mpaka inakata. Nikasirikie unavyotaka, nitusi ukipenda, ila usinyamaze. Umekwenda kupimwa?

Mpwa wako

14 Julai

Mpwa wangu,

Naandika nimelala, mwandiko uuvumilie.

Nilikiweka kile kidude. Mwanzoni lilikuwa gari jipya kabisa, nikajiona nimekushinda. Halafu asubuhi moja, nje ya duka la dawa, nilitaka kusogea mbele kidogo nimpishe mtu. Nilipotaka kusimama nikadhani nimeuhamishia mguu kwenye breki. Kumbe ulikuwa bado juu ya mafuta. Mkaza mjomba wako alisema, “Baba, simama,” nami nikazidi kukanyaga. Tukapanda ukingo, tukaingia ukutani. Ukutani hapakuwa na mtu, Mungu ametusitiri. Lakini mkono wake wa kulia umevunjika vibaya, na daktari hasemi kama vidole vitarudi kufanya kazi.

Hospitali walinivua viatu waone kama nimeumia. Cha kulia kilikuwa na msumari. Umepenya soli, umeingia unyayoni, na kidonda kimeshaoza. Nesi akaniuliza, “Mzee, umetembea nao tangu lini?” Ningejuaje? Walijaribu kuuokoa mguu, wakashindwa. Wameukata chini ya goti.

Mkaza mjomba wako hajanilaumu hata kwa neno moja. Angenilaumu ningepumua. Anamimina chai kwa mkono wa kushoto, inamwagika, anafuta, anamimina tena.

Ulisema kweli, nami nikakununia.

Mjomba wako

27 Julai

Mjomba wangu, shikamoo, na pole, na pole tena,

Nilisomea barua yako gereji, nikaenda kukaa ndani ya gari la mteja, nikapandisha vioo.

Siandiki kusema “nilikwambia.” Nakuja na kazi. Gari linatengenezeka. Mafuta na breki vinaweza kuhamishiwa mkononi, nimeshawafanyia wateja na wanaendesha vizuri. Kidude hicho nitakichomoa mwenyewe. Niandikie limeumia wapi, nifungashe vifaa.

Mpwa wako

9 Agosti

Mpwa wangu, marahaba,

Hatujambo kwa kadiri ya wasiojiweza.

Gari nimemwambia mwenye gereji alivunje, auze vipande. Usinibembeleze. Kila nikifumba macho naisikia ile sauti, “Baba, simama.” Na mguu usiokuwepo ndio sasa unauma, mpwa wangu. Nausikia mpaka kidole cha mwisho. Usiku kucha nakanyaga breki.

Njoo, lakini vifaa viache huko. Mkaza mjomba wako hawezi kujisuka kwa mkono mmoja, hataki jirani amwone kichwa wazi, na mimi sijui kusuka.

Mjomba wako