Nyuzi Zinazokikinga Kiini

Jumatatu, 4 Machi
Nimekiona! Kiini cha seli kimebonyea upande mmoja kama mpira uliokaliwa. Seli ilipojibana kupita kwenye mfereji mwembamba — pasu! Rangi yote ya kijani niliyotia ndani ya kiini ikamwagika. Seli za kawaida zinapita salama salimini. Hizi nimezinyima kitu kimoja tu: vimentini, protini inayosuka nyuzi kukizunguka kiini.

Profesa, msimamizi wangu, kakuna kidevu. Huenda ni mbinu yangu ya kuizima protini iliyoziumiza seli, anasema. Nizirudishie nyuzi. Viini vikipona, ataniamini. Visipopona, nisahau kusimama kuzungumza mbele ya mgeni anayetutembelea Ijumaa ya wiki ijayo.

Mgeni mwenyewe ndiye yule ambaye kitabu chake nilikisoma mwaka wa kwanza hadi jalada likang'oka. Ameandika kwamba nyuzi hizi kazi yake ni kuipa seli ugumu tu, kiini kinajitegemea. Na mimi nataka kumwambia sivyo. Jamani!

Jumanne, 5 Machi
Mama kapiga simu. "Hivi unasomea nini hasa?" Nikamweleza taratibu.
"Sasa kiini kikipasuka, mtu anakufa?"
Hapana, Mama. Ila yaliyomo ndani yanaweza kuharibika, na seli iliyoharibika inaweza kuleta maradhi.
"Basi zirudishe hizo nyuzi, mwanangu. Unangoja nini?"
Amri imetoka juu.

Alhamisi, 7 Machi
Ukungu umeota. Sahani zote za seli. Nimemwaga kila kitu, nikajifungia chooni nikalia.
Miwani — mwenzangu wa meza ya jirani — kaniachia nafasi yake kwenye kabati la joto la kukuzia seli. Bila kuombwa. Kasema nimlipe kwa kunyamaza, maana napiga miluzi nikifanya kazi.

Jumatatu, 11 Machi
Seli mpya ziko hai. Na nyuzi zimerudi! Nyekundu, zimekizunguka kiini kama viganja vinavyokinga mshumaa usizimwe na upepo. Nimetazama hadi shingo ikakakamaa.

Jumanne, 12 Machi
Leo nimezipitisha mferejini. Sikutaka kuyaamini macho yangu. Mimi ndiye mama mtu, nitaona uzuri tu. Nikafunika majina ya picha zote, nikampa Miwani atenganishe viini vizima na vilivyopasuka.
Tulipofunua, karibu zote zilizorudishiwa nyuzi ziko kundi la vizima. Zilizonyimwa ndizo zimejaa upande wa pili. Miwani karukaruka hadi miwani ikaanguka.
Profesa katazama makundi yote mawili. "Haya." Akatoka. Kisha kichwa kikarudi mlangoni: nivae viatu vya maana Ijumaa.
Kwake hiyo ni hotuba nzima! Nimetembea hadi nyumbani kifua mbele, nikiwatazama watu kama vile wote wameshasikia.

Ijumaa, 15 Machi
Nimemaliza kuzungumza. Mama alikaa safu ya mbele kabisa, akimwambia kila anayepita kwamba huyo ni wa kwake.

Mgeni akanyanyuka. Nilidhani atanichambua kama karanga. Akasema picha zinaweza kumpendeza yeyote. Anaomba kuziona seli zenyewe. Sasa hivi.
"Karibu, Profesa," nikamwambia mgeni. Sauti yangu hiyo! Imara.

Basi tuko maabara, nusu ya ukumbi imetufuata. Nimemwekea sahani ya seli zilizorudishiwa nyuzi, zikipita mferejini. Mimi nimesogea kwenye kona, naandika ili mikono ipate la kufanya. Ameinama kwenye hadubini muda mrefu. Msimamizi wangu anatazama dari. Mama ananong'ona, mbona huyu baba hainuki, au kalala?

Anazungusha kitufe, pole pole. Anarudi nyuma kidogo, anaangalia tena.
Sasa amenyoosha mkono nyuma bila kuondoa jicho — anapapasa hewani. Anatafuta kiti.
Mama kamsogezea kiti; kakaa, jicho lingali kwenye hadubini, akisema: "Basi kiini hakijitegemei."