Hukukataa Kushuka, Baba

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile wembe ulipokuponyoka mkononi. Kila siku ulinyoa ndevu saa kumi na mbili, mbele ya kipande cha kioo ulichokitundika kwenye nguzo ya jikoni, ukimwuliza Mama swali lile lile: "Chai imekuwa chai, ama bado ni maji?" Siku ile, tarehe mbili Februari 1955, hukulimaliza swali. Ulikaa kwenye kigoda ukajishika kifua, povu likiwa upande mmoja wa uso. Mama alikupangusa kwa ncha ya leso yake.

Wengi hapa Ruiru walikujua kama Nzau wa Namba. Miaka kumi na minne ulikata nyasi kwenye klabu ya Wazungu, na siku za kriketi ulipanda ngazi ukatundika mabati ya namba kwenye ubao mweusi, ili kila mtu aone mchezo umefika wapi. Barua hukuweza kusoma. Kwa hesabu hakuna aliyekudanganya. Mabati yaliyochakaa uliyaleta nyumbani, na mimi nilijifunza kutoa na kujumlisha sakafuni nikiwa sijaanza shule. Nilipoitwa chuo cha ualimu ulivaa koti lako la kanisani siku tatu mfululizo, hata ukikata nyasi.

Bedan, mliyevuta naye lile jiwe la kusawazisha uwanja, alipopelekwa kizuizini kwa sababu ya hii Hali ya Hatari, ulimpelekea mkewe Waithira maziwa kila Jumapili baada ya ibada. Hukuruhusiwa kuingia kijiji chao cha Gatong'ora. Uliyapitisha chini ya seng'enge, ukauliza habari za watoto, ukarudi. Hukutuambia. Tulijua siku ya mazishi, Waithira alipokuja na mkebe mtupu mkononi akalia kuliko sisi.

Siku ile Opiyo, dresa wa zahanati, alikupima, uso wake ukabadilika. "Mzee, huu si mchezo," alisema. "Moyo umechoka. Lori ya kahawa inaenda Thika saa nne. Panda hiyo ufike hospitali, na usipande kitu kingine leo."

"Hata kitanda, daktari?" ukamwuliza. Ulitaka tucheke, nasi tukacheka kidogo.

Lakini siku hizo, na hata leo, mtu haachi kazi hivi hivi. Asiyeonekana kazini huulizwa alikuwa wapi na alikuwa na nani. Ukasema utapita klabu uombe ruhusa, kwa kuwa lori lenyewe hupita mlangoni pale.

"Dakika tano, Baba Munyao," Mama alisema.

"Tano tu."

Saa tatu hujarudi. Mama alinipa koti lako na kipande chako cha utambulisho. "Nenda umwambie ashuke kama yuko juu. Mwambie nimesema mimi."

Nilikukuta juu ya ngazi. Haikuwa siku ya mchezo pale Ruiru. Uwanja ulikuwa mtupu, lakini veranda imejaa. Timu ya Uingereza ilikuwa ikicheza huko Australia, na Wazungu walikuwa wameizunguka redio tangu asubuhi. Dalmas, mhudumu wa baa, alisimama dirishani akikupigia kelele hesabu, nawe ukaitundika. Aliniambia kwamba ruhusa umepewa, ila karani mkuu wa klabu amekutaka utundike namba mpaka lori lije.

"Wanatafuta mikimbio tisini na nne washinde, Mwalimu," alisema. Tangu nimalize chuo Desemba, aliniita hivyo kunitania. "Walifika kumi na nane, watatu wakatolewa. Aki, ungeona nyuso zao! Kama watu wamefiwa."

Walikuwa wamefika arobaini na tisa nilipokuwa nikimsikiliza. Bwana mmoja mnene aliinuka kuchukua tumbaku yake, na papo hapo redio ikasema mchezaji wa nne ametolewa. Wakamgeukia kwa makelele. Nilikuja kuelewa baadaye: watu wa kriketi huamini kwamba mambo yakiwa magumu, anayehama mahali pake huleta balaa kwa timu. Karani mkuu akasimama akanyoosha mkono.

"Kila mtu kaa pahali yake! Hapana songa! Nzau, wewe pia! Hapana shuka!"

Walicheka wote. Wewe ukajibu, "Ndiyo, bwana." Dalmas akaninong'oneza, "Na wewe kaa hapo hapo kwa ua. Ukisogea mtu akitolewa, watakula wewe na viatu."

Nilisimama kwenye ua wa kayaba nikiwa na koti lako mikononi. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Hamsini na tano. Sitini na mbili. Kila ulipotundika bati, uliegemeza kipaji cha uso kwenye ubao kabla ya kushika lingine. Mkono wa kushoto hukuutumia tena. Jasho lilishuka mgongoni likachora shati lote.

Walipofika sabini na moja, lori lilisimama mlangoni. Dereva akapiga honi mara mbili.

Ulinitazama, Baba.

Hukuwa unatazama lori, wala redio. Ulinitazama mimi, na nilielewa. Mfanyakazi aliyeambiwa asishuke hashuki mwenyewe, lakini mtu akiitwa na mtoto wake ana sababu. Nami nilikuwa mtu pekee kati yetu aliyeweza kuwaeleza kwa Kiingereza chao. Sentensi nilikuwa nayo, nimeipanga tangu njiani, haina kosa hata moja. Niliwaona wale watu thelathini kwenye veranda, nikawaza namna watakavyonigeukia kama walivyomgeukia yule bwana wa tumbaku. Nikainamisha macho.

Dereva alipiga honi mara ya tatu, akaondoka.

Walishinda saa nne na nusu ilipokwisha kupita. Kofia zilirushwa, viti vikaanguka. Ulitundika namba ya mwisho, ukashuka polepole, ukakaa kwenye kidato cha chini cha ngazi. Karani mkuu alikuja akicheka kukupa mkono, akakuona midomo ilivyogeuka rangi. "Nzau, wewe mgonjwa sana? Kwa nini hapana sema?"

Alikuwa amesahau, Baba. Kwake ilikuwa mzaha tu. Alileta gari lake mwenyewe akatupakia, lakini hatukufika Thika. Ulitutoka kabla ya daraja, kichwa chako kikiwa mapajani pangu.

Mama aliponiuliza kama nilikupa ujumbe wake, nilisema ndiyo. Nilisema nilikuita na ukakataa, ukataka kuona mwisho wa mchezo. Sijui kwa nini ulimi ulikuwa mwepesi hapo na mzito pale. Habari hiyo ilitembea. Mwaka mzima watu wamesema Nzau alikufa kwa kupenda mchezo wa Wazungu. Kaka yangu Munyao alivunja redio yake ndogo. Na Mama hakukulilia vizuri, kwa sababu alikuwa na hasira nawe.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tunang'oa majani kaburini. Mama akasema, kama anavyosema kila mara, "Huyu aliona kriketi ni tamu kuliko mimi."

"Mama, hakukataa," nikamwambia. "Sikumwita."

"Ulisema ulimwita."

"Nilidanganya. Nilisimama pale nikaona haya. Aliningoja nimwite, sikumwita."

Alikaa chini kwenye udongo. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi. Aliniuliza tu, "Aliningoja?" Nikamwambia, aliungoja ujumbe wako, ndiyo. Akaendelea kung'oa majani mpaka kivuli kikahama. Kisha akasema, "Andika. Watu walisikia uongo, wasome na ukweli."

Ndiyo maana nimeandika, Baba. Siombi unisamehe mbele ya watu, hilo nitakuomba nikiwa peke yangu. Nataka tu ijulikane kwamba hukuuchagua mchezo ukatuacha.

Tunaokukumbuka ni mkeo Kalondu; mwanao Munyao wa kiwanda cha ngozi, Thika, na familia yake; mimi binti yako Ndinda; ndugu yako Kaleli; Waithira na watoto wa Bedan, ambaye bado hajarudi; na Dalmas, aliyeomba jina lake liandikwe. Siku zote tulizobakiwa nazo, utakuwa nasi.

Mama ameomba maneno ya mwisho yawe yake, kama alivyoyasema pale kaburini kwa sauti kubwa, hata wapita njia wakasimama:

"Baba Munyao! Nimekununia mwaka mzima bure. Najua ungeitwa ungeshuka."